Swali Ambalo Anselimu Hakulisikia

Juzi mmoja wenu, vijana mnaoandika programu, alinionyesha programu aliyoitengeneza. Nilipobonyeza alama ya kufunga dirisha, kikatokea kisanduku kikiniuliza: "Una uhakika?" Nikamwuliza kijana, uhakika wa nini? Akacheka. Kisanduku hicho alikinakili mahali akakiweka kwa sababu kila programu huwa nacho. Sikumlaumu. Lakini nilirudi nyumbani nimeshaamua kuwaandikia, maana katika miaka yangu ya kazi hapa Gisenyi niligombana na watu wengi juu ya kisanduku hicho, na mara moja ugomvi wenyewe ulibeba ajira ya mtu na mtihani wa watoto.

Kwa wale msionifahamu, naitwa Spesiyoza. Nilizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, wazazi wangu wakiwa wakimbizi. Kiswahili changu ni cha huko, na wenzangu wa hapa mpakani walizoea kunitania kwamba naongea kama mtangazaji wa redio. Tuliporudi Rwanda nilisomea kompyuta, kisha nikaajiriwa na Bwana Gatera, yeye aliyerudi kutoka Uganda na Kiingereza chake. Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na kila waliposhusha mabati sakafu ilitetemeka. Tuliandika programu za kompyuta za mezani: za maduka ya dawa, za hoteli za kando ya ziwa, za maghala ya viazi vinavyoshuka kutoka Mudende.

Gatera ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa na sheria moja ambayo nawaachia nanyi: kabla hujaandika kitu, nenda ukakae na mtu atakayekitumia, na usimsikilize sana anachosema, mwangalie mikono. Watu hawadanganyi kwa makusudi, ila mikono yao inajua mambo ambayo midomo haijui.

Lakini kwa visanduku vya kuthibitisha hatukuelewana. Yeye aliviona kama kufuli: ukiona wizi, ongeza kufuli. Mimi nilikuwa nimeshamwona mama mmoja wa duka la dawa kule Kanama, mchapakazi kwelikweli, ambaye kila kisanduku kilipotokea alikijibu kabla hakijamaliza kujichora. Siku moja nilimwuliza kile kisanduku kinasemaje. Akaniangalia kama anayeulizwa jina lake. "Kinasema Ndiyo," akajibu. Na hakukosea. Kwake yeye hilo ndilo lililokuwa limeandikwa, kwa kuwa ndilo pekee alilohitaji kuliona ili aendelee na kazi. Mtu akiulizwa jambo lile lile kila siku bila sababu, mkono hujifunza kujibu wenyewe, na siku swali linapokuwa na maana mkono haungoji kichwa.

Sasa niwapeleke kwenye shule.

Ilikuwa shule ya watoto wasioona, mlimani, ukiacha barabara ya Kanama na kupanda kidogo kwa miguu. Mkuu wake alikuwa mtawa ambaye sote tulimwita Masera, mwanamke mwembamba mwenye hatua za haraka. Ofisi yetu iliwapa programu ya kuandika vitabu vya breli, yaani yale maandishi ya nukta zinazosomwa kwa vidole. Mwandishi akishamaliza, faili lilipelekwa kwenye mashine kubwa iliyotoboa karatasi kwa kishindo, hata watoto wa darasa la jirani wakajua kuna ukurasa mpya.

Mwandishi huyo alikuwa Anselimu. Yeye mwenyewe hakuona. Macho yalimpotea kwa ugonjwa akiwa kijana, huko Goma alikokulia. Aliishi karibu na mpaka na mke wake Furaha, ambaye kila asubuhi alivuka kwenda kuuza nguo Goma. Jioni Furaha alisoma kitabu cha shule kwa sauti akijirekodi kwenye simu. Kesho yake Anselimu alivaa vipokea sauti masikioni, akasikiliza sauti ya mkewe ikimsomea hesabu, na vidole vyake vikaandika. Kwa breli huhitaji kibodi nzima. Unatumia vitufe sita tu vya safu ya katikati, vitatu kila mkono, unavibonyeza kwa pamoja kama mpiga kinanda.

Mwaka huo walikuwa wakiandika kitabu cha hesabu cha darasa la mtihani. Mwaka uliotangulia watoto wa shule ile waliingia kwenye mtihani wa taifa bila kuwahi kugusa pembetatu kwenye karatasi. Walikuwa wamesimuliwa tu. Wengi walianguka, na Masera alilichukulia jambo hilo kama deni lake binafsi kwa watoto wale.

Halafu kazi ikaanza kupotea. Anselimu aliandika asubuhi nzima sura ya maumbo, kisha kompyuta ikanyamaza. Akaifungua tena programu, ukurasa mtupu. Akaandika upya. Ikapotea tena. Alipopoteza kwa mara ya tatu, Masera alitupigia simu, nami nikatumwa.

Nilimkuta ofisini kwake na Anselimu amesimama mlangoni, mkono kwenye fremu. Masera hakuwa na hasira, na hilo lilifanya maneno yake yawe mazito zaidi. Aliniambia kwa Kinyarwanda kwamba Anselimu ni mtu mwema, lakini huenda kazi hii inahitaji macho, kwa sababu ni wazi anafunga dirisha bila kujua. Alikuwa amepata mwandishi mwingine, anayeona, ambaye angeanza Jumatatu. Kama mimi nilikuwa na maelezo mengine, alitaka kuyasikia kabla ya Ijumaa jioni.

Anselimu alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akaongea, polepole, kwa Kiswahili chake cha Goma.

"Mi sikufinya kitu ya kufunga, Masera. Niko naandika tu, kisha naskia masini imenyamaza, kazi haiko. Bon. Kama ni mi, nitatoka. Lakini kama haiko mi, ule mutu mwenye anakuya, naye itamupata."

Sijayasahau maneno hayo, kwa sababu hakuwa akijitetea. Alikuwa akiwaza kitabu.

Nilikaa naye siku ile nzima na hakikutokea chochote. Siku ya pili vivyo hivyo. Aliandika, aliniomba nimwambie kama mawingu yamefunika mlima, akaendelea kuandika. Niliangalia mikono yake kama nilivyofundishwa. Haikwenda popote karibu na vitufe vya kufunga. Ilikaa pale katikati, vidole vikishuka na kupanda, mitulivu kuliko mikono yangu. Nikaanza kuogopa kwamba Ijumaa ingefika sina la kusema.

Alhamisi mchana mvua ilinyesha, na umeme ukakatika.

Sisi wa hapa tumezoea. Chini ya meza kulikuwa na betri ya akiba, ile inayolia umeme ukienda, na ikalia. Anselimu hakuisikia, maana Furaha alikuwa akimsomea masikioni. Aliendelea kuandika. Kwenye skrini kikatokea kisanduku, kikakaa kitambo kama cha kupepesa jicho, kikatoweka, na dirisha zima la programu likatoweka nacho. Sikuwahi hata kukisoma.

Nilimshika bega avue vipokea sauti. Nikamwuliza kidole cha mwisho kilibonyeza nini.

"Herufi a," alisema. "Nilikuwa naandika a tu."

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo penye kiini. Betri ile ilikuwa na tabia ya kuiambia kompyuta, pindi umeme unapokatika, ijizime kwa utaratibu. Kompyuta nayo inaziambia programu zote zijifunge. Programu yetu, kwa heshima zake, haikujifunga tu. Ilimwuliza mtumiaji kwanza. Kisanduku kilikuwa cha Kifaransa, chenye vibonyezo viwili: Fermer, yaani funga bila kuhifadhi, na Annuler, yaani achana nalo. Kisanduku cha aina hiyo hukubali kujibiwa kwa herufi ya kwanza ya kibonyezo. Ukibonyeza F, umesema funga.

Na kwenye vitufe sita vya breli, F ndicho kitufe cha nukta ya kwanza. Herufi a ni nukta hiyo peke yake. Herufi b ina nukta hiyo, c inayo, karibu alfabeti yote inayo, isipokuwa chache. Swali liliulizwa kwenye skrini, kwa mtu asiyeona skrini, na neno lililofuata aliloandika likawa jibu.

Nilimweleza. Hakufurahi mara moja kama nilivyotarajia. Aliniomba tujaribu, ajue kwa hakika. Umeme uliporudi tulihifadhi kila kitu, nikaichomoa betri ukutani kwa mkono wangu. Nilimwambia aandike herufi i na s na t tu, ambazo hazina nukta ya kwanza. Akaandika msururu mzima, na kisanduku kikabaki pale kwenye skrini kikisubiri. Ndipo nikamwambia aandike a. Dirisha likatoweka. Hapo tu ndipo alipoegemea kiti, akapangusa uso kwa viganja vyote viwili.

"Donc sikuwa mi," alisema, yaani basi hakuwa yeye.

Nilishuka mjini nikiwa nimelowa, nikampata Gatera ofisini. Alinisikiliza vizuri, na alikuwa na suluhisho tayari. Tubadilishe herufi, tuweke nyingine badala ya F, halafu tuongeze kisanduku cha pili kinachouliza kama kweli una uhakika. Kazi ya nusu saa, kisha nirudi kwenye programu ya hoteli iliyokuwa inatusubiri.

Nilikataa. Sikuwa mtu wa kumkatalia Gatera. Alikuwa mwalimu wangu na alikuwa amenivumilia mengi. Lakini nilimwambia kwamba hata tukiweka visanduku kumi, Anselimu hatasikia hata kimoja, na vidole vyake vitavijibu vyote kumi. Alianza kuchanganya Kiingereza, jambo alilofanya kila alipokasirika. Aliniambia mimi ni mkaidi. Nikakubali kwamba ni mkaidi, nikamwomba kitu kimoja tu: aje mlimani kesho asubuhi akae kwenye kiti cha Anselimu.

Alikuja. Simjui mwajiri mwingine ambaye angekuja. Nilimfunga macho kwa kitambaa changu cha kichwa, nikamvalisha vipokea sauti vyenye sauti ya Furaha, na Anselimu akamwonyesha nukta za jina lake mwenyewe, Gatera. Akawa anaziandika, akirudiarudia, polepole kama mtoto, na kwa kweli alianza kuona raha, maana nilimwona anatabasamu chini ya kitambaa. Nikachomoa betri. Aliendelea kuandika jina lake na kutabasamu, na programu ilikuwa imeshajifunga zamani.

Nilipomvua kitambaa aliitazama ile skrini tupu kwa muda. Kile kisanduku kilikuwa kazi ya mkono wake. Alikiandika kabla mimi sijaajiriwa na kilikuwa kimetumika kwenye programu zetu zote. Alimwuliza Anselimu kama kuna kiti cha pili, akakivuta karibu na changu.

"Futa hicho kitu chote," aliniambia. "Tuanze upya."

Tulifanya kazi pale pale shuleni, watatu, tukila viazi na maharage ya jikoni kwa watoto. Nawaeleza tulichofanya kwa sababu kinafaa hata leo, na hata kwenye simu zenu.

La kwanza, programu ilipaswa kubeba yenyewe kazi ya kuhifadhi, isimkabidhi mtu. Tuliifanya ihifadhi rasimu peke yake muda wote Anselimu anapoandika. Umeme ukikatika haiulizi kitu. Inaweka alama mahali alipofika, inajifunga, na ukiifungua tena inakurudisha kwenye herufi ile ile. Swali la kufunga lilibaki kwa hali moja tu: pale ambapo mwandishi mwenyewe anataka kufunga huku masahihisho yake hayajaingizwa kwenye nakala ya kuchapwa. Hilo tu. Mtu akiulizwa mara chache, anasikiliza.

Kisha tukaja kwenye kusikia. Rekodi za Furaha tulizihamishia kwenye kompyuta, ili sikio liwe na mlango mmoja. Swali likiwepo, sauti ya kitabu inanyamaza kwanza, vitufe sita vinalala, na swali linasemwa. Hapo Anselimu akatia neno ambalo mimi nisingelifikiria. Alisema zile sauti za kompyuta zinazomsomea skrini zinasema kila kitu kwa namna moja, jina la faili na habari ya moto vyote ni wimbo mmoja, na yeye alishazoea kuziachia zipite. Akauliza kama swali linaweza kusemwa na mtu. Basi Furaha, akiwa amerudi mapema kutoka Goma na furushi la nguo bado mgongoni, alisimama kwenye chumba kile akarekodi: "Anselimu, masahihisho ya hii sura hayajaingia kwa kitabu. Tubaki ao tufunge?" Alirudia mara kadhaa kwa sababu ya kucheka.

Na majibu tuliyaweka kwenye vitufe viwili vya safu ya juu kabisa, kimoja kila pembe, ambako vidole havifiki kwa bahati mbaya. Hakuna Ndiyo wala Hapana. Kimoja kinabaki, kingine kinafunga. Gatera ndiye aliyelishikilia hilo, yeye aliyekuwa akitaka kufuli. Alisema kumwuliza mtu kisha kumpa Ndiyo na Hapana ni kumlazimisha arudi kusoma swali. Mpe jina la kitendo, ajue anachofanya.

Ijumaa jioni Masera alikuja, jua bado lipo. Tulimweleza yote, na niliona kwamba nusu ya maelezo yalimpita. Hakuhitaji. Alimwomba Anselimu aandike, akainama mwenyewe na kanzu yake, akaishika betri na kuichomoa. Kompyuta ikajizima. Tukangoja. Tulipoiwasha, Anselimu alivaa vipokea sauti, akasikiliza, akaweka vidole, akaandika kuanzia neno lile lile aliloachia. Masera alivuta karatasi akaniomba nimsomee kilichoandikwa kwenye skrini, nukta kwa nukta, na akakilinganisha na kitabu.

Kisha alimsogelea Anselimu, akamwomba msamaha mbele yetu. Alisema alimhukumu mtu kabla ya kuihukumu mashine. Anselimu alisimama, akashika mkono wake kwa mikono miwili kama tunavyofanya hapa, akasema wote walikuwa wanawaogopea watoto. Mwandishi yule mwingine alikuja Jumatatu kama ilivyopangwa, na Masera akamkabidhi kitabu cha jiografia.

Nawaambia hivi, vijana: msikubali mtu awaambie kwamba jambo ni dogo kwa sababu kisanduku chenyewe ni kidogo. Kila mahali mnapomwuliza mtumiaji swali kabla ya kufunga, mnashika kazi yake mkononi. Jiulizeni kama swali ni la lazima. Kama ni la lazima, litamfikiaje? Na mikono yake iko wapi wakati huo? Msipojua, fungeni kompyuta zenu mwende mkakae naye. Atakayewaambia hakuna muda, mleteni na yeye akae. Mimi nilifanya hivyo mpaka nikastaafu, na kila nilipopata bosi mpya nilimwambia siku ya kwanza kwamba hivyo ndivyo ninavyofanya.

Kitabu kilikamilika kabla ya muhula wa mwisho. Sitawaambia kwamba watoto wote walifaulu, maana haikuwa hivyo. Wengine walianguka hata wakiwa na kitabu, kama watoto wa shule nyingine yoyote. Lakini nilikuwepo siku kilipogawiwa darasani. Mwanzoni vidole tu vilitembea kwenye karatasi. Kisha msichana mmoja aliyeitwa Divine aliinua mkono. Alikuwa kwenye sura ya maumbo, amezunguka pembetatu kwa kidole cha shahada, amerudi, amezunguka tena. Alimwambia Anselimu kwamba maelezo yanataja pembe A, B na C, lakini kwenye mchoro pembe ya tatu haina herufi.

Anselimu alipapasa ukurasa wake. Ilikuwa kweli. Darasa lilianza kunong'ona, na mtoto mwingine akasema hata yeye aliliona hilo ila alidhani kitabu hakiwezi kukosea.

"Kitabu inakosea," Anselimu aliwaambia. "Njo maana tunawapa mukononi."

Alikwenda kurekebisha. Tukasikia mashine ikipiga ukurasa mmoja, na Divine, aliyekuwa amemfuata hadi mlangoni, aliupokea hapo hapo, akatafuta pembe ya tatu kwa kidole, akaikuta, kisha akaanza kuukagua ukurasa mzima kuanzia juu.